Jicho limesimama wapi, taa iko wapi

Habari zenu jamani, asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi nyie mliobeba picha zenu, maana kuleta kazi ambayo bado inakusumbua na kuiweka mbele ya watu sio jambo dogo. Nimeombwa nizungumze kuhusu kumpa mchoraji mwenzako mrejesho kwenye pespektivu, ile namna ya kuonyesha umbali kwenye karatasi bapa, na mwanga, yani zile picha zenye mahali ndani yake, chumba, barabara, ngazi, watu wamekaa au wanapita, na wewe unataka kumsaidia mwenzio aone pamekwama wapi bila kumvunja moyo na bila kumdanganya pia. Nitaongea kama tunavyoongea siku zote, mwenye swali anikatishe tu.

Naanza na picha moja. Mwenyewe kaniruhusu niielezee, jina lake naliacha. Ni chumba, usiku. Binti amekaa mezani anasoma, taa ya mezani iko kushoto kwake, dirisha liko ukuta wa nyuma, mvua imekatika na mwezi umetoka ila paa bado linadondosha matone, na matone yanaingia kwenye ndoo iliyowekwa sakafuni pembeni ya mguu wa meza. Ukutani kuna rafu ya vitabu, mezani kuna kikombe. Hiyo ndo hadithi yote, nyumba inavuja na mtoto wa watu anasoma. Picha nzuri sana. Aliihangaikia wiki nzima, akawaonyesha watu, na kila mtu akamwambia maneno yaleyale, nzuri ila kuna kitu hakijakaa sawa. Mmoja akasema haina kina, mwingine akasema mwanga hauvutii. Akarudi akaongeza vivuli, akaongeza mng'ao kwenye nywele, akaweka vumbi linaelea kwenye mwanga wa taa, picha ikazidi kuwa nzito na kile kitu kikaendelea kutokukaa sawa.

Mi siwalaumu waliomwambia vile kwa sababu walichohisi ni kweli kabisa, jicho la mtu linajua hata kama mdomo haujui. Ila mtu akishaambiwa "haina kina" anaenda wapi? Hakuna sehemu kwenye karatasi inaitwa kina, hawezi kuishika akairekebisha. Kwa hiyo anagusa kila kitu, na mara nyingi anaharibu hata vile vilivyokuwa vizuri.

Alivyoileta kwangu nilimuuliza swali moja tu, wakati unachora hapa we ulikuwa umesimama wapi? Akanyamaza, akasema sijui, nilikuwa nachora tu. Nikamwambia haya, fikiria umeingia kwenye hicho chumba sasa hivi, uko wapi? Akafikiria kidogo akasema, nimesimama mlangoni namwangalia, na yeye hajanisikia. Mnaona jibu hilo lilivyo zuri, tayari lina hadithi ndani yake, na tayari lina pespektivu ndani yake. Kama amesimama mlangoni na binti amekaa, basi macho yake yako juu kuliko kichwa cha binti, na ule mstari wa usawa wa macho, mstari mlalo wa kimo cha macho ya mtazamaji, unapita juu ya kichwa cha binti, sio shingoni na sio kiunoni. Kuanzia hapo hatukuwa tunabishana tena kuhusu ladha, tulikuwa na kitu cha kupimia.

Tukaangalia rafu. Ubao wake wa chini kabisa uko usawa wa bega la binti, maana yake uko chini ya macho ya mtu aliyesimama, lakini kwenye picha tunaona tumbo la ule ubao, tunauona kwa chini. Kitu kilicho chini ya macho yako huwezi kuliona tumbo lake hata ufanyeje, utaona mgongo wake tu. Alafu tukaja kwenye kikombe na ndoo, na hapa naomba tukae kidogo kwa sababu watu wengi wanapita haraka.

Chukua kikombe chochote, kinyanyue mpaka usawa wa jicho lako. Mdomo wa kikombe unakuwa mstari, basi, mstari mmoja umelala. Kishushe taratibu mpaka kifuani, ule mstari unafunguka unakuwa kama yai jembamba. Endelea kushusha, yai linanenepa. Kiweke sakafuni karibu na vidole vya miguu ukiangalie kwa juu, sasa ni karibu duara kamili. Yani kadiri duara linavyoshuka chini ya macho ndo linavyofunguka. Kwa hiyo kikombe kiko mezani, ndoo iko sakafuni, na viko umbali unaokaribiana toka mlangoni, basi mdomo wa ndoo lazima uwe wazi kuliko mdomo wa kikombe. Kwake ilikuwa kinyume. Kikombe kilikuwa wazi kama mtu anakichungulia toka juu ya dari, ndoo imebanwa kama mtu amelala sakafuni anaiangalia. Na yule anayeiona rafu kwa chini ni mtu wa tatu huyo. Chumba kimoja, watazamaji watatu, kila mmoja na macho yake, ndo maana hakijakaa sawa. Kosa ni moja lakini lilikuwa limezaa dalili sita saba, na yeye alikuwa anatibu dalili.

Hilo ndo nililokuja kusema leo. Ukiona picha ina makosa kumi ya pespektivu na mwanga usimwambie mwenzio kumi, karibu kila mara ukichimba utakuta yametoka kwenye swali moja kati ya mawili ambayo hakujiuliza: jicho limesimama wapi, na taa iko wapi. Kazi ya mtoa mrejesho ni kumrudisha kwenye hilo swali alijibu yeye mwenyewe, kwa sababu jibu ni lake, hadithi ni yake.

Haya mambo ya usawa wa macho sio mapya. Brunelleschi, msanifu majengo wa Italia, pale Florence mwanzoni mwa karne ya 15 alichora jengo la ubatizo kwenye ubao, akautoboa ule ubao tundu dogo, mtu anasimama nyuma yake anachungulia kupitia tundu huku ameshika kioo mbele, anaiona picha kwenye kioo. Mi nadhani lile tundu ndo fundisho kubwa, maana lilikuwa linamlazimisha mtazamaji aweke jicho palepale mchoraji alipoliweka. Baadae mwaka 1435 Mwitalia mwingine, Alberti, akaandika maelezo yenyewe, na kuna jambo moja alilisema ambalo naliazima kila siku: ukiangalia watu wakitembea ndani ya jengo kubwa, vichwa vyao vinakaa karibu usawa mmoja wote, lakini miguu ya waliopo mbali inakuwa sawa na magoti ya waliopo karibu. Fikiria jinsi hiyo inavyorahisisha mrejesho. Mtu kakuletea barabara ina watu ishirini na unaona wengine wanaelea na wengine kama wamezama kwenye lami. Huna haja ya kusema huyu anaelea, huyu kazama, huyu ni jitu. Unamuuliza, jicho lako liko kimo gani? Akisema ni la mtu mzima aliyesimama kama wao, na barabara ni tambarare, basi usawa wa macho unapita kwenye macho ya watu wazima wote, wa karibu na wa mbali, anavuta mstari mmoja anawapanga wote ishirini. Akisema ni jicho la mtoto, mstari unawapita wote kiunoni. Akisema yuko ghorofani, mstari uko juu ya vichwa vya wote. Dakika tano kazi imeisha, na hujamgusa mtu wake hata mmoja.

Kuna picha ya Hogarth, mchoraji wa Kiingereza, imechongwa kwenye bamba ikachapwa karatasini mwaka 1754, ambayo ningependa kila mtoa mrejesho aitazame walau mara moja. Hogarth aliijaza makosa ya pespektivu kwa makusudi. Mwanamke yuko dirishani ghorofani, amenyoosha mshumaa anamwashia kiko mwanaume aliyesimama juu ya kilima cha mbali kabisa. Bango la nyumba limening'inia hapa karibu lakini miti ya kilimani inalikatiza kwa mbele. Ukikitazama kitu kimojakimoja, mwanamke kachorwa vizuri, mti ni mti, bango ni bango. Kosa halimo ndani ya kitu, limo katikati ya kitu na kitu. Kwa hiyo ukimwambia mwenzio "hiki kiti kimekosewa" angalia kwanza, inawezekana kiti hakina shida kabisa ila hakiongei lugha moja na sakafu. Mwambie hivo, "kiti na sakafu haviongei", afu mwonyeshe. Mistari ambayo kwenye chumba iko sambamba na inakwenda mbali, kwenye karatasi inakutana nukta moja, sasa kwake ya kiti inakwenda kukutana pale, ya sakafu inakwenda kukutana kule.

Na mistari ivute kweli, usiseme kwa kidole hewani. Kwenye baadhi ya picha za Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, wataalamu wamekuta kitundu kidogo cha pini palepale mistari inapokutana, inaelekea alikuwa anafunga uzi kwenye pini na kuuvuta kupata mistari yake. Sisi tunazo leya, yani tabaka za picha, kwenye programu za kuchorea, au karatasi ya kupitishia mwanga kama unachora kwa mkono. Fungua leya mpya, rangi nyekundu kwa sakafu, bluu kwa meza, kijani kwa rafu, vuta mpaka ikutane, mwache mwenyewe aone kwa macho yake. Mtu akiona mistari mitatu inakwenda sehemu tatu tofauti hahitaji kuambiwa kitu.

Lingine la haraka kwenye pespektivu, ukiona boksi au jengo kona yake ya karibu imechongoka kama mkuki na pande zinanyooka kama zinavutwa, mara nyingi zile nukta mbili za kukutania ziko karibu mno, zote zimelazimishwa kukaa ndani ya karatasi. Mwambie azisukume nje ya karatasi, mbali, basi.

Sasa mwanga.

Swali la pili, taa iko wapi. Na nikisema taa namaanisha chochote kinachotoa mwanga, jua, dirisha, mshumaa, simu mkononi. Turudi kwenye chumba chetu. Yule mwenye picha, na nia yake nzuri kabisa, alikuwa ameiangaza ile ndoo kwa mwanga wa njano wa taa ya mezani, ukingo wa ndoo unang'aa na kivuli cha ndoo kimelala sakafuni kikielekea kulia. Ukiangalia tu unaona sawa, taa kushoto kivuli kulia. Nikamwambia haya, tuvute uzi. Kivuli cha taa ya karibu unakipata kwa nyuzi mbili: uzi wa kwanza unatoka kwenye balbu yenyewe unapita kwenye ncha ya juu ya kitu, uzi wa pili unatoka chini ya balbu, ile nukta iliyopo wima chini yake, unapita kwenye kitako cha kitu. Pale nyuzi zinapokutana ndo ncha ya kivuli. Na hapa ndipo wengi tunateleza, hiyo nukta ya chini ya balbu lazima iwe kwenye uso uleule kivuli kinapoangukia. Kivuli cha kikombe kiko mezani, nukta iko mezani. Kivuli cha ndoo kiko sakafuni, nukta iko sakafuni, unashuka wima toka kwenye balbu unapita meza mpaka chini. Yeye alikuwa ametumia nukta ya mezani kwa vyote viwili.

Tukavuta uzi toka kwenye balbu kuelekea kwenye ndoo, na uzi ukagonga ukingo wa meza. Ukagota hapo. Ndoo iko pembeni ya mguu wa meza, chini, kwa hiyo meza yenyewe inaizuia, ndoo iko ndani ya kivuli cha meza. Taa haiioni ndoo kabisa! Nakumbuka yule mwenye picha alivyokaa kimya akaangalia, akasema kwa hiyo ndoo inaangazwa na nini? Sikumjibu. Akasema, mwezi. Dirisha. Ndoo inapata mwanga wa mwezi tu. Na hapo picha yake ikamfungukia, kwa sababu ghafla kulikuwa na dunia mbili kwenye chumba kimoja, juu mezani kuna taa, joto, kitabu, uso wa binti, na chini kuna ubaridi wa mwezi, ndoo, matone. Mimi nisingeweza kumpa wazo hilo, lilikuwa tayari limo kwenye picha yake, taa ndo ilikuwa haijawekwa kweli.

Hapo nina la kuongeza kuhusu rangi. Atatokea mtu amwambie mwanga wa mwezi sio wa bluu, na kwa vipimo yuko sahihi, mwezi unarudisha mwanga wa jua tu na unaegemea wekundu kidogo kuliko jua lenyewe. Lakini macho yetu gizani hayaoni hivo, gizani tunaona ubaridi, na picha inachorwa kwa ajili ya macho. Kwa hiyo mrejesho wa aina hiyo ni wa kweli na haumsaidii mtu. Mwanga wa mwezi ukikaa karibu na balbu ya njano ndo kabisa, bluu inazidi kuonekana bluu.

Kitu kingine kwenye ile picha, ukuta wa nyuma ulikuwa unang'aa karibu sawa na ukurasa wa kitabu. Mwanga wa taa ndogo unapungua haraka kuliko tunavyodhani, ukiongeza umbali mara mbili unabaki robo. Kitabu kiko sentimita 50 toka kwenye balbu, ukuta uko mita 2, umbali ni mara nne, kwa hiyo ukuta unapata sehemu moja ya kumi na sita ya kile kinachopata kitabu. Simaanishi apake kwa kikokotoo, macho yanazoea giza na mchoraji ana uhuru wake, lakini mpangilio uwepo, kitabu kwanza, uso pili, ukuta mbali nyuma. Nikamwambia afinye macho nusu aitazame picha, au aigeuze iwe nyeusi na nyeupe, aniambie ni wapi jicho linakwenda kwanza. Akasema linakwenda ukutani. Ukuta ambao hauna kitu. Sikuhitaji kusema "kontrasti yako mbovu".

Jua ni tofauti kidogo na watu wanachanganya. Jua liko kama kilomita milioni 150 kutoka hapa, kwa hiyo miale yake inatufikia kama imenyooka sambamba, vivuli vya nguzo kumi barabarani vyote vinalala upande mmoja. Ila kumbuka vimelala chini, na chini ina pespektivu, kwa hiyo kwenye karatasi havichorwi sambamba siku zote. Jua likiwa mbele yako vivuli vyote vinaonekana vinatoka kwenye nukta moja ya usawa wa macho, wima chini ya jua lenyewe, vinafunguka kuja kwako. Mtu akikuletea machweo na vivuli vyote vimeelekea kulia kwa mlalo mmoja, muulize jua liko wapi, akikuonyesha lipo palepale katikati ya anga, ataliona mwenyewe. Ukingo wa kivuli nao una habari zake, jua sio nukta, lina upana wa kama nusu digrii angani, kwa hiyo kivuli kinakuwa kikali pale kinapogusana na kitu na kinaanza kulegea kadiri kinavyokwenda mbali, kila mita 1 ukingo unatawanyika karibu sentimita 1. Kivuli cha kisigino ni kikali, kivuli cha kichwa kimelegea. Kivuli chenye ukali uleule mwanzo mpaka mwisho kinaonekana kama karatasi nyeusi imebandikwa. Na cha mchana nje kisipakwe nyeusi tupu, anga lote linakiangaza, ndo maana kinakuwa na ubluu. Milima ya mbali pia, hewa iliyopo katikati inaipausha na kuitia bluu, Leonardo da Vinci aliandika sana kuhusu hilo, kwa hiyo mti wa mbali ukiwa mweusi sawa na mti wa karibu utajisogeza mbele hata kama umechorwa mdogo.

Lakini sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu mtu akishajua haya yote anaweza kuwa hatari. Sio kila kosa linastahili kusemwa. Mwaka 2005 mtafiti Patrick Cavanagh aliandika kwenye jarida la Nature kuhusu jinsi wachoraji kwa karne nyingi wamekuwa wakivunja fizikia ya mwanga na watazamaji hawaoni. Kivuli kikielekea upande usio sahihi watu wengi wanapita tu. Kinachowasumbua ni kivuli ambacho sio cheusi kuliko kile kilichoangukiwa, hapo wanakataa kukiona kama kivuli. Kwa hiyo mi nimejiwekea utaratibu, napigania kwanza vile ambavyo mtazamaji atavihisi, usawa wa macho, vitu kukaa chini sawasawa, mgawanyo wa giza na mwanga. Mwelekeo wa kivuli cha kijiko mezani nautaja mwisho, au siutaji kabisa. Kwenye ile picha ya Caravaggio, mchoraji wa Italia, ya Yesu akimwita Mathayo, ya 1599 hadi 1600, kuna dirisha kubwa ukutani katikati ya watu na halitoi mwanga wowote wa maana, mwanga wenyewe unaingia toka kulia juu, nje ya picha, unafuata mkono wa Yesu unaomnyooshea Mathayo kidole. Mtu angesimama pale akasema "mbona dirisha haliangazi" angekuwa na swali zuri lakini angekuwa amekosa kabisa picha inahusu nini. Mwanga ule unamtafuta mtu. Kabla hujasahihisha mwanga wa mwenzio muulize unamtafuta nani.

Muulize pia kama alikusudia. Kuna wanaochora kwa mistari sambamba isiyokutana popote, kuna tamaduni nzima zilizochora hivo kwa ustadi mkubwa, kuna wanaokunja chumba makusudi ili mtu aonekane amebanwa. Akisema nimekusudia, basi mrejesho wako unabadilika, hauulizi tena kama ni sahihi, unaulizia kama kinasomeka.

Nije kwenye namna ya kusema, maana ndo sehemu inayoumiza watu. Kwanza jua picha iko hatua gani. Skechi, sema kuhusu jicho na taa, sema yote makubwa, ni rahisi kufuta. Picha imeshapakwa rangi na inatakiwa kesho, usiguse pespektivu, mpe kitu kimoja anachoweza kufanya usiku huu, kwa mfano atie giza ukuta wa nyuma. Mrejesho sahihi kwa wakati usio sahihi unamlaza mtu na huzuni tu.

Alafu sema unachokiona, usianze na hukumu. "Vivuli vyako vimekosewa" ni hukumu, mtu anajikinga. "Kivuli cha kiti kinaniambia taa iko kushoto, kivuli cha mtu kinaniambia taa iko nyuma yake, we ulitaka iwe wapi?" hapo umempa habari na umemwachia kiti chake cha mwenye picha.

Na sifa zako ziwe na mahali pia. Kwenye ile picha ya binti kulikuwa na kitu kidogo kizuri mno, mwanga wa taa unapiga ukurasa mweupe wa kitabu na kurudi juu unagusa chini ya kidevu chake, ukanda mwembamba wa joto kwenye kivuli cha shingo. Nilimwonyesha palepale nikamwambia hapa usiguse, chochote utakachobadilisha hapa pabaki. Simwambii hivo ili nimlainishe kabla ya kumkosoa. Namwambia kwa sababu mtu akianza kurekebisha anaweza kufuta kile kilichokuwa kinabeba picha nzima, na "hongera kazi nzuri" haimlindi na hilo.

Kuna siku nilikosea vibaya kwenye hili na bado linanikaa. Kijana mmoja alinitumia picha ya ngazi, pespektivu imempiga chenga, na mi badala ya kumuuliza nikakaa usiku nikaichora upya juu ya yake, ngazi, mwanga, kila kitu, nikamrudishia. Akanishukuru sana. Akaichukua ile yangu kama ilivyo. Picha yake iliyofuata ilikuwa na makosa yaleyale kabisa, na iliyofuata baada ya hapo hakunionyesha. Nilikuwa nimemnyang'anya kazi yake nikidhani namsaidia. Tangu hapo nikichora juu ya picha ya mtu naomba ruhusa kwanza, nafanya kwenye leya ya pembeni, mistari tu, rangi hapana, na naacha kabla sijamaliza ili amalizie yeye.

Yule mwenye picha ya ndoo alirudi baada ya siku nne. Alikuwa ameufuta ule ubao wa chini wa rafu akauchora tunauona kwa juu, mdomo wa ndoo ameufungua na ndani yake sasa unaona maji, kitu ambacho mwanzo hakikuwezekana kabisa kwa sababu ndoo ilikuwa imebanwa, na juu ya maji kuna kipande kidogo cha dirisha kinacheza kwa ubluu. Ukuta umezama gizani. Vumbi lote amelitoa. Kivuli cha mguu wa kiti bado kilikuwa kimelala vibaya kidogo, nilikiona, nikanyamaza nacho.

Haya, nimeongea vya kutosha, tuzime hizi taa za mbele tuweke picha ukutani. Mwenye picha ya kwanza apite hapa, na kabla yeyote hajasema neno atuambie alikuwa amesimama wapi.